Papa Delhi na Bati la Vitunguu

Faustin Mbusa hajawahi kupanda ndege. Simi-Simi, kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani, amefika mara nyingi, lakini kwa miguu, kumsalimia shemeji yake. Upande wa mashariki safari zake zinaishia Butembo alikozaliwa. Upande wa magharibi zinaishia Barumbu, alikowahi kufuata samaki wakavu akarudi na malaria. Hata hivyo, ukikutana naye sokoni Kisangani ukathubutu kutamka neno Uhindi, ndugu yangu, tafuta pa kuegemea. Atakuambia nani atashinda jimbo gani, nani kamsaliti nani, na kwa nini waziri mkuu wa kule angefanya vizuri zaidi kama angekuwa na mtu wa kumshauri. Huyo mtu wa kumshauri hamtaji kwa jina, ila anajipapasa kifuani.

Watu wakamwita Papa Delhi, naye akadhani ni heshima.

Elimu hiyo kaipata wapi? Ujanani alilinda stoo ya Mhindi mmoja muuza vitenge, na mle ndani televisheni ilikuwa haizimwi: watu wanane kwenye visanduku vinane, wote wakipiga kelele kwa pamoja. Mbusa hakuelewa hata neno. Aliangalia midomo, akaangalia vidole vinavyonyooshwa, akaamua kwamba ameelewa. Siku hizi anasoma habari za Kifaransa kwenye simu, na asiyoyakuta humo anayajaza mwenyewe.

Darasa lake liko pembeni mwa soko, karibu na muuza magazeti, pale wanaume wanapokusanyika kila asubuhi kubishana siasa. Wenyewe wanaliita parlement debout, bunge la kusimama, kwa sababu halina viti. Kila mtu husimama, mkubwa na mdogo, na aliyechoka miguu huenda kwake. Ndiyo desturi yenyewe, na ndiyo raha yake. Ila Mbusa alikuja siku moja na kiti cha plastiki cha rangi ya buluu, akisema mgongo unamuuma. Mgongo ulipona zamani. Kiti kikabaki, na mpaka leo yeye ndiye mbunge pekee wa bunge la kusimama aliyekaa.

"Yule bwana anasema aliuza chai ku stesheni akiwa mutoto," alianza asubuhi moja, akikunja mguu juu ya mguu. "Bon. Huku kwetu mutu anauza chai mpaka anazikwa na birika yake. Kule anakuwa waziri mukuu. Ile iko démocratie!"

"Donc unamupenda?" akauliza René, karani wa ofisi moja ya serikali, mtu wa maswali mafupi.

"Kumupenda? Miye? Mutu anakaa kwa kiti tangu deux mille quatorze, miaka kumi na zaidi, miye nimupende? Kiongozi akikaa sana anaoza. Anaanza kuwaza kiti iko ya mama yake." Akajisogeza, na kiti cha buluu kikalia chini yake. René akakitazama kile kiti, kisha akamtazama mwenye kiti.

Mbusa akaendelea bila kuulizwa. Akawaambia jinsi uchaguzi wa mwaka 2024 ulivyomtia adabu yule mkubwa: chama chake hakikupata viti vya kutosha kutawala peke yake. "Zamani pirogue, mutumbwi yote, ilikuwa yake. Sasa amebeba bavyama bidogo, na kila moja iko na kasia. Akitaka kukohoa, lazima aombe ruhusa!" Watu wakacheka. Wapinzani nao hakuwasaza: "Babu, bibi, baba, sasa mujukuu. Uongozi inapita mu familia kama sufuria ya urithi. Miye siwezi. Kwangu, familia kando, kazi kando."

Kisha akalikumbuka hekalu, na macho yakamwaka. "Alijenga hekalu kubwa, dunia muzima ikaona. Halafu kura inakuja, chama inashindwa palepale, ku mulango ya hekalu! Juu ya nini? Juu batu ya pale walisema: papa, hekalu iko muzuri, lakini nyumba zetu je? Kiongozi muzuri anaanza na shida ya batu, halafu sifa yake."

Nyani haoni kundule, wahenga walikwisha kusema, lakini wahenga hawakumjua Mbusa. Huyu alikuwa akikaa juu yake na kuhutubia.

Na kila hotuba yake ilikuwa na mambo mawili ya mwisho, ambayo watoto wa soko wameyashika kwa moyo. La kwanza ni la yule mpiga kura wa porini. "Kuna fasi kule, katikati ya pori, mupiga kura iko moja. Moja tu! Na serikali inabeba mashini, inatuma bafisa, inatuma polisi, wanavuka maji, wanapanda mulima, juu ya kura moja! Hapa, nani atakufuata mpaka pori ya nyuma ya Banalia juu ya kura yako?" La pili ni la kitunguu cha Uhindi. "Kule Inde, kitunguu inaangusha serikali. Pale Delhi zamani bei ilipanda, bamama wakakasirika, na chama kikaanguka: pwaa! Kiongozi asiyeheshimu kitunguu ya bamama, siku zake zimekwisha."

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyu bwana aliyeheshimu vitunguu vya Delhi ndiye rais wa kamati ya depo, ghala la vitunguu, hapo hapo Kisangani. Rais wa zamani alipohama, Mbusa aliwekwa kwa muda, na muda huo umeota ndevu. Uchaguzi haujaitishwa. Akiulizwa, husema orodha za wapiga kura hazijatengenezwa, kana kwamba bamama wa depo, ambao anawajua mpaka majina ya wajukuu wao, walikuwa milioni mia.

Na depo hiyo ina tundu kwenye paa.

Si tundu la jana. Wanawake walilisema, wakalisema tena, wakachoka, wakachanga wenyewe wakanunua bati moja jipya linalong'aa, wakamkabidhi rais. Unajua rais alifanya nini? Alisikia kwamba wakubwa wa jimbo huenda wakapita sokoni. Akaona aibu, depo haina kibao. Bati likapelekwa kwa mchoraji wa matangazo, likarudi na herufi nyekundu: COMITÉ DU DÉPÔT D'OIGNONS, PRÉSIDENT FAUSTIN MBUSA, na chini yake picha yake mwenyewe akiwa amevaa tai ambayo hana. Likasimamishwa mlangoni. "Ya muda tu," akawaambia. Wakubwa hawakupita, na bati halikupanda juu. Mvua ikaendelea kuingia mahali pake pa kawaida.

Chini ya tundu lile ndipo lilipokuwa fungu la Kasoki.

Kasoki ni mke wa Mbusa, mama wa Trésor na wadogo zake. Yeye ndiye anayekwenda mpaka Lubero kufuata vitunguu, analala juu ya magunia lori likikwama kwenye matope, na anayelisha nyumba ambayo rais anazungumzia Uhindi ndani yake. Kwa nini mke wa rais awe na mahali pabaya kuliko wote? Ah! Kwa sababu mume wake ni mtu wa haki. Wakati wa kugawa nafasi alitangaza mbele ya watu kwamba yeye si kama zile familia za Delhi, hatapendelea wa nyumbani kwake, akamwonyesha Kasoki pale palipokuwa na alama ya maji sakafuni. Watu wakapiga makofi, isipokuwa Kasoki.

Mwezi ule lori lilikaa njiani mno. Vitunguu vilipofika vilikuwa vimechoka tayari, na Kasoki alikuwa ameweka humo mtaji wake wote, pamoja na karo ya Trésor. Vikipata maji vimekwisha, na vikiisha, yeye hana cha kurudia Lubero. Jioni hiyo akasema taratibu, akimwekea mume wake lituma, ndizi za kuponda, na samaki:

"Papa Trésor, ile bati. Mawingu iko inakuja."

"Ngoja nisikilize habari, Mama Trésor. Kule Inde kuna mambo."

Mvua ikaja alfajiri, fupi tu, ya kuonja. Ilitosha. Kasoki alikuta upande mmoja wa fungu umelowa, akakaa akichambua, vizima huku, vilivyolegea kule, machozi yakimtoka na hakuwa akimenya hata kimoja. Vilivyolegea vikawa vingi. Juu yake lile tundu lilikuwa linaonyesha mawingu mengine, meusi zaidi. Pembeni yake alikuwa Mama Sikujua, mwanamke wa Kindu mwenye ulimi usio na breki. Alimsaidia kuchambua mpaka akashindwa kuvumilia.

"Bwana yako anajua kitunguu inaangusha serikali?"

"Anajua," akasema Kasoki.

"Basi twende tumukumbushe."

Bunge la kusimama lilikuwa limejaa. Mbusa alikuwa ameshafika porini kwa yule mpiga kura mmoja pale wanawake walipojitokeza, Kasoki mbele na kitunguu kilichooza mkononi, Sikujua na wenzake nyuma. Wanawake huwa hawaji pale. Wanaume wakasogea wenyewe bila kuambiwa.

"Papa Trésor," akasema Kasoki, "miye niko na swali ya Inde."

Uso wa Mbusa ukanawiri. Mke wake! Hatimaye! "Uliza, Mama. Hapa ni démocratie."

"Kule Inde, bitunguu ya bamama ikioza, na kiongozi anajua, na bati iko, lakini ameandikia jina yake juu ya bati... wanamufanya nini?"

Mahali fulani pikipiki ikapiga honi. Kisha mtu akaguna, mwingine akajibana mbavu, na René, yule wa maswali mafupi, akasema: "Pwaa."

Ah, kilivuma kicheko! Muuza magazeti akaangusha magazeti yake. Mbusa akainuka kwenye kiti, kwa mara ya kwanza tangu mgongo upone, akapaza sauti kwamba hayo ni mambo ya ndani, kwamba kuna mkono wa nje, kwamba upinzani umemtumia mke wake. Mama Sikujua akamkatiza:

"Bon, Papa Président. Juu ya nini unapigana na sisi? Pigisha kura. Leo."

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Angesema samahani, angelibeba bati akalipigilia, na mpaka leo angekuwa rais. Lakini kujigamba ni deni... watu walikuwa wakimtazama, na yeye ndiye aliyewafundisha. Akakaa tena, akakunja mguu. "Kura? Miye naogopa kura? Tutapiga! Ya siri, kama Inde! Na ku alama, kama Inde, juu ya wale hawajui kuandika. Na nasema mapema: karatasi yenye jina ama signature ya mupiga kura, annulé, inafutwa! Siri ni siri!"

"Alama yako?" akauliza René, aliyeteuliwa hapohapo kuhesabu.

Mbusa hakufikiri hata kidogo. "Kiti."

"Na yako, Mama Sikujua?" akamgeukia yule ambaye wenzake walikuwa wamemsukuma mbele agombee.

"Ya miye unaiuliza?" akasema Sikujua, akakionyesha kile kilichokuwa mkononi mwa Kasoki.

Wakapiga kura mle depo, jua likiwa limeshafichwa na mawingu. Wakakata vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji, wakaleta kalamu moja na kitunga kilichofunikwa kwa kitenge. Kila mmoja alikwenda nyuma ya magunia, akachora, akakunja, akarudi. Mbusa alikwenda wa mwisho, akakaa huko muda mrefu kuliko wote, akatoka akitabasamu. Alikuwa amehesabu akilini: huyu nilimpa nafasi nzuri, yule nilimzika baba yake, na Kasoki ni Kasoki, hata akinuna.

René akafunua kitunga.

"Kitunguu," akasema. "Kitunguu. Kitunguu." Kila karatasi aliionyesha kwa watu. Vilikuwepo vitunguu vya kila namna, vyenye majani na visivyo na majani, na kimoja kilichochorwa na machozi pembeni. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, kwanza chinichini. Tabasamu la Mbusa likawa linapungua kama mafuta ya taa.

"Kiti!" akasema René, na Mbusa akanyanyuka. Kiti kilichorwa vizuri sana, miguu minne, mpaka na rangi ya buluu kidogo. René akakisogeza machoni. "Lakini Papa, chini iko signature."

Ilikuwepo, ile ndefu yenye mkia, ile anayoiweka kwenye vyeti vya kamati. Mkono ulizoea. Mkono wa rais ukiona karatasi, unatia sahihi, haumwulizi mwenyewe.

"Sheria inasema nini?" akauliza René.

"Sheria gani?" akasema Mbusa.

"Ya kwako."

Ikafutwa. Zikaendelea kutoka nyingine, kitunguu baada ya kitunguu, mpaka ikabaki moja chini ya kitunga. René akaikunjua, akaigeuza, akaigeuza tena. Kilikuwa kiti. Kiti kibaya, chenye mguu mmoja mfupi, kimekaa upande, lakini kiti.

"Président Mbusa, kura moja," akatangaza.

"Eh, bantu!" akapiga kelele Mama Sikujua. "Tumemupata! Ule mutu wa porini tumemupata! Tupeleke mashini!"

Depo nzima ikaanguka kwa kicheko. Wengine walikaa chini kabisa juu ya magunia. Mbusa alisimama katikati yao, mrefu, mikono ikining'inia, akiangalia uso huu na uso ule. Moja halali. Si yake. Yake imefutwa. Basi humu ndani kuna mtu, mmoja, anayemwamini bado. Akajaribu kusema kwamba historia itamkumbuka huyo mtu, lakini kicheko kikamfunika. Aliumia, hakuna haja ya kuficha. Mtu huwa mdogo sana anapojua idadi kamili ya wanaompenda.

Ngurumo ikalia. Kicheko kikakatika, wote wakatazama juu kwenye tundu, kisha kwenye fungu la Kasoki.

"Basi, kazi ya kwanza," akasema Rais Sikujua, na sasa hakuwa anacheka. "Toeni ile bati ku mulango. Leteni ngazi. Nani iko murefu?"

Kila mtu alijua nani ni mrefu.

Mbusa hakubisha. Alilibeba bati lake mwenyewe, maana hakutaka mikono ya wengine iguse uso wake, akaegemeza ngazi ukutani nje. Kasoki akaja kuishika. Upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi. Alipoweka mguu kwenye kidato cha kwanza akainama.

"Mama Trésor. Uliona nani alichora ile kiti?"

"Panda, mvua inakuja."

"Nataka nimujue. Mutu ule ananielewa."

Kasoki akaikaza mikono kwenye ngazi. "Ni miye."

Mbusa akasimama pale pale, bati likipepea mgongoni mwake. Macho yakamlengalenga. "Weye? Na bitunguu yako yote... Donc unaniamini bado?"

"Kukuamini?" akasema Kasoki. "Papa Trésor, miye ndiye ninarudi na weye ku nyumba. Nilisema, akipata sifuri, hatakula, hatalala, ataniongelea Inde mpaka asubuhi, na miye niko na bitunguu ya kuchambua. Nilikupigia juu ya huruma. Panda."

Akampa misumari. Mbusa akaitia yote mdomoni, kama mafundi wanavyofanya, akapanda. Akalilaza bati juu ya tundu, na kwa haraka ya mvua hakuangalia upande upi uko chini. Nyundo ikaanza. Matone ya kwanza yakamgonga mgongoni, makubwa, kisha ikaja yenyewe, mvua ya jimbo la Tshopo isiyobisha hodi.

Mle ndani wanawake wakainua macho. Kule juu, mahali pa tundu, palikuwa na uso wa Mbusa na tai yake na herufi nyekundu, unawatazama wote pamoja na vitunguu. Wakangoja. Kasoki, aliyekimbilia ndani akiwa amelowa, akanyoosha kiganja juu ya fungu lake, akakiacha hapo. Hakikudondokewa na tone. Akavuta pumzi, kisha akaketi juu ya gunia na kulia, safari hii bila kuchambua chochote.

"Tangu tumujue," akasema Mama Sikujua kwa sauti ya kufika paani, "leo ndiyo mara ya kwanza président anafanya kazi!"

Mbusa, juu kwenye mvua, alikuwa na mfano wa Uhindi wa kumjibu, tena mzuri sana. Lakini mdomo ulikuwa umejaa misumari.